Kabla ya Kujenga: Shajara ya Same, 2025

Same mjini, Jumapili 6 Julai

Ijumaa nilikabidhi gari yadini Dar es Salaam. Kichwa, tela, turubai, minyororo, jeki, vyote vikakaguliwa na kutiwa alama kwenye karatasi. Tajiri akanishika mkono, akaniuliza nakwenda kupumzikia wapi. Nikamjibu Same. Ndivyo ninavyojibu siku zote nikiulizwa kwetu ni wapi. Ila Same ni wilaya nzima, ina tambarare na ina milima, na humo mote hakuna mlango wangu.

Kwa zaidi ya miaka 20 nimelala kabini. Mwanzoni nilibeba saruji kutoka Tanga kwenda Arusha, nikipita hapa hapa Same bila kushuka. Baadaye nikahamia njia ya Tunduma: Mpika, Kapiri Mposhi, Kasumbalesa hadi Lubumbashi, na kurudi na shaba bandarini. Kitanda nyuma ya siti, jiko dogo la gesi kwenye boksi la tela, dumu la maji la lita 20, chandarua, redio. Mke wangu na watoto walikaa nyumba ya kupanga Mbagala, nami nilikuwa nikipita kwao kati ya mzigo na mzigo.

Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, usiku wa sensa, nilikuwa kwenye foleni Tunduma. Karani alipita gari kwa gari na kishikwambi chake, akauliza nimelala wapi. Nikamwonyesha kitanda. Nikahesabiwa hapo, na ilikuwa sawa, kwa sababu sensa humhesabu mtu alipolala. Sasa nina miaka 58 na ninataka sensa ijayo inikute mahali nilipopachagua.

Daftari hili ni la jambo hilo tu. Mimi na mke wangu tumekubaliana mambo ya kuangalia: maji, hospitali, barabara wakati wa mvua, majirani. Yeye kwao ni Tukuyu, ambako mvua huacha kunyesha kwa muda mfupi tu katika mwaka, kwa hiyo ameongeza joto. Atakuja mwisho wa mwezi. Mimi natangulia kuzunguka.

Same mjini, Jumatano 9 Julai

Madalali wawili wamenitembeza tangu asubuhi. Kila kiwanja wanachokionyesha "kiko karibu na lami" na "maji yapo." Nimejifunza kumwacha dalali aende zake, kisha ninarudi peke yangu jioni kuwauliza akina mama wanaouza mboga.

Mji huu umekaa kwenye uwazi kati ya Upare wa Kaskazini na Upare wa Kusini. Mawingu huishia milimani, sisi huku chini tunapata vumbi na upepo. Nilipokuwa mtoto, aliyeshuka mjini kwa shughuli alirudi akiwasimulia wenzake habari za maji ya Same kama habari ya msiba. Watu walinunua ndoo, walikesha kwenye bomba. Ndiyo maana wazee wa milimani hawakuelewa mtu angewezaje kuhamia huku kwa hiari.

Hilo limebadilika. Machi mwaka huu Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960 katika mto Pangani. Mradi ulichukua miaka mingi, watu wakakata tamaa, wengine walikufa bila kuuona. Mama mmoja karibu na stendi aliniambia hajatuma mtoto kuchota maji tangu bomba lifike uani kwake. Alisema hivyo huku akiendelea kupanga nyanya, lakini mimi nilisimama kidogo. Bado ana tenki la plastiki nyuma ya nyumba, analijaza kila wakati. Same mazoea ya ukame hayaishi kwa uzinduzi, na nadhani ana busara.

Hospitali ya wilaya ipo hapa hapa. KCMC iko Moshi, kama kilomita 100 kwa lami. Mke wangu ana presha. Naandika hilo kwa wino mzito.

Jioni nilipita pale bomani. Babu yangu mzaa baba alilala katika mji huu mwaka 1945, yeye na maelfu ya Wapare walioshuka kutoka milimani kupinga kodi ya mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa kumwangalia mtu ana nini. Walikaa hapa majuma mengi, wakipokezana, wake zao wakiwaletea chakula kutoka milimani na baadaye wakija wenyewe. Hatimaye serikali ya kikoloni iliiacha kodi hiyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani Same ni mahali pa kwenda ukiwa na shauri tu.

Vudee, Jumamosi 12 Julai

Nimepanda kijijini kwetu kwa gari la Noah hadi mwisho wa njia, kisha kwa miguu. Baridi ya Julai, ukungu haukuondoka hadi saa tano. Maji yanatiririka mferejini pembeni ya njia, migomba imejaa, kahawa zimezeeka lakini zipo. Mtu akiletwa hapa amefumbwa macho hatakubali kwamba Same ile ya vumbi iko chini ya miguu yake.

Kaka yangu mkubwa alinipokea kama kawaida yake, bila maneno mengi. Baada ya makande akanichukua kunionyesha sehemu yangu ya shamba la ukoo, chini kidogo ya kaburi la baba. "Mdogo wangu," akasema, "hapa hakuna cha kununua. Leta mabati, sisi tutaleta mikono." Najua hasemi kwa adabu tu. Mawe ya msingi ameshaanza kuyakusanya, nimeyaona.

Ningependa kusema ndiyo palepale. Lakini nimehesabu nyumba katika upande wetu wa mlima, na nyingi zina kufuli. Ni nyumba nzuri, za matofali, zenye vigae na madirisha ya vioo, wenyewe wako Dar es Salaam, Arusha na Moshi. Zinafunguliwa Desemba, watu wanachinja, wanaimba, Januari kufuli linarudi. Waliobaki ni wazee na wajukuu wachache. Jirani wa karibu na sehemu yangu ni mjane wa umri wa kaka. Akipiga kelele usiku wa mvua sijui nani atamsikia.

Wazee wetu walikaa juu kwa sababu zilizokuwa na nguvu: maji, mbu wachache, usalama dhidi ya wavamizi wa tambarare. Kisha reli ya Wajerumani ikapita chini kwenda Moshi, ikafika kule 1911, mashamba ya mkonge yakafuata, na shule, na lami. Kazi ikahamia chini, watu wakaifuata. Mlima haukupungua uzuri, umepungukiwa watu.

Na mlima una hatari zake. Novemba 2009 kule Mamba Miamba, upande wa pili, mvua ya usiku iliporomosha udongo kijiji cha Goha ukafukia nyumba, watu zaidi ya 20 wakafa. Kaka anasema upande wetu miti imebaki mingi. Ni kweli, na msitu wa Shengena juu yetu umehifadhiwa. Hata hivyo nimeangalia mteremko wa sehemu yangu kwa jicho la mtu aliyezoea kushusha tani 30 mlima Kitonga, na sikupenda ulivyo mkali.

Bangalala, Jumanne 15 Julai

Leo nimeshuka hadi kwa binamu yetu, upande wa mama, anayelima katikati ya mlima na tambarare. Nimelala kwake ili niione ndiva ikifunguliwa asubuhi.

Sijui kama vijana wa mjini wanaijua ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe, lililochimbwa kwenye mfereji unaotoka mtoni. Mto peke yake wakati wa kiangazi ni mwembamba mno. Ukiuelekeza shambani moja kwa moja, maji yananywewa na ardhi kabla ya kufika mstari wa pili wa mahindi. Kwa hiyo maji hukusanywa usiku kucha, ndiva ikijaa, alfajiri huzibuliwa yakaenda kwa nguvu na kufika mbali. Zamani zilikuwa za koo, kila ukoo na yake. Baadhi zimepanuliwa na kujengewa kwa saruji, kama ile ya Manoo hapa Bangalala, na siku hizi zina kamati, zamu na faini. Asiyetokea siku ya kutoa matope, zamu yake inapita.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa pale watu kama kumi na watano. Mwenye zamu alikuwa kijana, aliyemfuata alikuwa mwanamke mzee mwenye jembe begani, na wote walijua ni nani anayefuata bila kusoma mahali. Nilimuuliza binamu kama ugomvi haupo. Upo, akasema, na unakwenda hadi kwa kamati, na wa juu wakichukua mno wa chini wanapanda kuwafuata. Wa Vudee wapo juu, Bangalala katikati, Makanya chini kabisa, ambako mto haufiki ila kwa mafuriko. Makanya hulima kwa mafuriko hayo: maji ya mvua ya milimani yakishuka kwa kishindo, wanayageuzia mashambani.

Nimepapenda hapa kuliko nilivyotarajia. Ni joto lakini si la kuchoma, barabara inapitika, na watu wanakutana kila asubuhi kwa sababu maji yanawalazimisha. Barabarani nimesalimiana na maelfu, wengi wao mara moja tu. Hapa mtu anakusalimia akijua atakuona kesho na anakudai.

Kikwazo ni kwamba zamu ya ndiva hainunuliwi kama luku. Mgeni huingia kwa shamba, kwa kazi, kwa kukubalika. Binamu anasema nitakubalika. Lakini kutoa matope kwenye ndiva kunataka mgongo, na wangu umekaa kwenye siti miaka mingi.

Kisiwani, Jumamosi 19 Julai

Upande wa mashariki, njia ya Gonja na Ndungu. Kuna mpunga Ndungu, katika skimu iliyojengwa kwa msaada wa Japani, na Gonja kuna hospitali ya Walutheri. Ardhi ni nzuri na bei yake inaongeleka. Lakini Mkomazi iko hapo hapo ng'ambo ya barabara. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikawa hifadhi ya taifa 2008, na tembo hawakupewa ramani. Mzee mmoja alinionyesha migomba yake iliyolala. Wakulima hapa wanakesha mashambani msimu wa mavuno na matochi na madebe. Mimi nimekesha vya kutosha, nikilinda dizeli isinyonywe. Kisiwani nimeifuta.

Same mjini, Jumamosi 26 Julai

Nimeongea kwa simu na madereva wenzangu waliotangulia kushuka, niwaulize walivyofanya. Karibu wote wamejenga kando ya barabara tuliyoipita: Chalinze, Ilula, Makambako, Tunduma. Naelewa. Ni sehemu tulizozijua, tulikokula, tulikofahamiana na mafundi. Mmoja alijenga Makambako kwa sababu kila alipopita palikuwa na ubaridi mzuri na viazi vya bei nafuu. Sasa analalamika kuwa hamjui mtu, na wale waliokuwa wakimwita "suka" kwa furaha walikuwa wakiuza chakula. Kupita si kukaa. Kioo cha mbele kinakuonyesha mji saa ulipokuwa na njaa au usingizi, na kwa dakika hizo kila mji unapendeza.

Hii imenikumbusha wazee wawili wa Kijerumani niliokutana nao Mikumi, mume na mke, wakitoka Afrika Kusini kwa lori walilolifanya nyumba. Kitanda, jiko, choo, hata rafu ya vitabu. Walikuwa wameuza nyumba yao kwao na kuishi humo miaka mingi. Walinieleza kwamba Ulaya na Marekani wapo wengi wa namna yao, wastaafu wanaoishi garini mwaka mzima. Nilifurahi kukutana na watu wanaolala kama mimi kwa kupenda. Nikawauliza wakichoka watakaa wapi. Mume akataja mji mmoja, na mkewe, palepale, akataja mwingine. Hawakucheka. Nadhani lilikuwa swali ambalo hawajalimaliza.

Same mjini, Jumapili 3 Agosti

Mke wangu amefika Jumatano. Nimempeleka kote isipokuwa Kisiwani. Vudee alifurahi, akasema pananukia Tukuyu. Bangalala aliongea na yule mwanamke wa jembe kwa muda mrefu. Same alifunga kitambaa puani kwa vumbi.

Jana usiku, gesti, nilimuuliza amependa wapi. Hakujibu kuhusu maji wala baridi. Akasema, "Baba, ukitangulia wewe, kule juu mimi nitakuwa nani?"

Nilitaka kumwambia atakuwa mke wangu, shemeji yao, mama wa watoto wao. Akanitangulia. "Ardhi ni ya ukoo. Lugha yenyewe siijui vizuri. Shemeji ananipenda, namshukuru, lakini na yeye ni mzee. Wakija vijana wake watanikuta kwenye nyumba iliyo kwenye shamba lao."

Asubuhi nilimpigia kaka nikamuuliza waziwazi kama sehemu yangu inaweza kupatiwa hati ya haki miliki ya kimila kwa majina mawili, langu na la mke wangu. Kaka alinyamaza, halafu akasema ardhi ya baba haijawahi kuandikwa jina la mtu wa nje, na kwamba hakuna atakayemfukuza shemeji yake. Nilimweleza kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Anaijua. Alikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. "Sheria itamlinda mahakamani," akasema, "lakini atakuwa anaishi na watu." Kaka si mtu mbaya. Ameniambia lililo kweli kuhusu ukoo wetu, na ninamheshimu kwa kutonidanganya.

Mke wangu amenishikia nafasi nyumbani miaka yote niliyokuwa njiani: ada, magonjwa, mwenye nyumba, misiba ya upande wangu ambayo sikufika. Wanaume wa kazi yetu mara nyingi hutangulia. Kwa hiyo swali la wapi nitapumzika ni dogo. Kubwa ni wapi yeye atabaki bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nashangaa vigezo vyote tulivyoviandika havikuwa na hilo, na ndilo limevipanga vyote.

Same mjini, Jumatano 6 Agosti

Habari za fedha, kwa ufupi. Pensheni ya uzee inataka michango isiyopungua miezi 180. Mmoja wa matajiri wa zamani hakuwa akipeleka michango yetu, na miaka hiyo haionekani kwenye taarifa yangu. Kwa ile inayoonekana nimevuka, lakini kidogo, na kiasi chake hakitajenga na kulisha kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ni nyumba ndogo: vyumba viwili, sebule, jiko ndani, tenki la kuvuna maji ya paa. Fundi aliyenichorea alitaka vyumba vinne "kwa ajili ya wageni." Wageni watalala sebuleni. Mtu aliyelala kabini hana haja ya kujengea Desemba.

Vudee, Jumapili 17 Agosti

Nimepanda peke yangu kumweleza kaka uso kwa uso. Nimemwambia sitajenga juu, na pia kwamba sitauza wala sitatelekeza. Sehemu yangu ataendelea kuilima mwanawe wa pili, ambaye amekataa kwenda mjini, na nitachangia mbolea na miche ya kahawa. Nikifa nizikwe hapa. Mke wangu amekubali, na yeye mwenyewe atachagua wakati wake ukifika.

Kaka aliuliza mawe ya msingi ayafanyie nini. Tumekubaliana yatumike kujenga ukingo kwenye mteremko ule, chini ya nyumba ya yule mjane. Kijana ameanza leo mchana, nami nimembebea machache.

Same mjini, Jumapili 31 Agosti

Tunakaa Same mjini. Mke wangu ndiye aliyechagua mtaa: kwa miguu hadi hospitali, kanisa la karibu, na dukani kuna mwanamke wa kwao Rungwe anayeongea naye Kinyakyusa. Bangalala si mbali kwa gari dogo, na binamu ameshaniambia nije siku za kutoa matope niwe mpishi.

Hatununui bado. Madalali wamekasirika kidogo, lakini msimu huu wa baridi Same ina adabu. Tunataka kuiona Oktoba joto likipanda, tuone vuli ikija au isipokuja, tuone Februari, tuone maji ya mvua yanapita wapi kwenye hivyo viwanja vitatu tulivyovipenda, na bomba linatoka siku ngapi wakati kila mtu anachota. Tumelipia nyumba ya kupanga miezi sita, vyumba viwili, kuanzia kesho, na mwenye nyumba amekubali kuongeza. Mkataba una majina yetu wote wawili. Kiwanja tutanunua baada ya masika ya 2026, na hati nayo itakuwa hivyo hivyo.